Mkono wa Mchonga Mihuri

Sarafu ya shaba iliyoripotiwa kuanza kuzunguka New York mnamo Novemba 1785 haina tarehe, haina sura ya mfalme, wala haina nembo ya dola. Upande mmoja una mistari 13 iliyolala sambamba, mmoja kwa kila jimbo lililokuwa limejitoa mikononi mwa Uingereza. Upande wa pili una herufi tatu tu, U, S na A, zimesukwa pamoja. Inasadikiwa kuwa mchoro huo uliigwa kutoka vifungo vya makoti ya askari wa vita vya uhuru. Itie chini ya kioo cha kukuzia, kisha utazame pale A inapokatana na S. Katika sarafu yenyewe ya karne ya 18, A inapita juu ya S. Katika ile iliyogongwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1862, A inapita chini yake.

Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Aliyeigonga ni John Adams Bolen, mzaliwa wa New York wa mwaka 1826 aliyefanya kazi zake Springfield na kufariki mwaka 1907. Riziki yake ilitokana na kuchonga mihuri ya feleji ya kugongea medali na tokeni. Alichonga medali za mji wake, ikiwamo ya nyumba ya kale ya ukoo wa Pynchon na ile ya ghala la silaha la serikali pale Springfield. Hata hivyo, wengi wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa kundi dogo la nakala za sarafu za enzi za ukoloni na za miaka ya mwanzo ya uhuru wa Marekani. Aliziuza waziwazi kwa wakusanyaji. Alizigonga kwa makumi tu katika shaba, na kwa fedha alizigonga chache mno hivi kwamba kuiona moja ni bahati.

Watu wengi wakisikia kwamba kitu ni nakala huacha kukitazama. Wanaona thamani imekwisha kutoka, kilichobaki ni ulaghai au mapambo ya rafu. Kwa nakala nyingi ni kweli. Sarafu huweza kuigwa kwa kusubu: unakandamiza sarafu halisi kwenye udongo au mchanga laini, unapata kalibu, unamimina metali. Kinachotoka humo huwa na uso uliolegea, vijitundu vya hewa, na kingo za herufi zilizomomonyoka hata kabla ya kuguswa na mfuko wa mtu. Huweza pia kuigwa kwa umeme, kwa kuotesha ganda jembamba la shaba juu ya kalibu, ganda moja kwa kila upande, kisha kuyajaza risasi na kuyaunganisha. Nakala ya aina hiyo huonyesha kila mkwaruzo wa sarafu ya asili, lakini ukingoni ina mshono, na ukiiangusha mezani sauti yake ni butu. Njia hizo mbili zina ustadi wake, na makumbusho makubwa yalizitumia sana. Lakini zote mbili hunyang'anya sura ya sarafu nyingine. Sarafu ya asili ndiyo inayofanya kazi; mtu ni mshika ndoo.

Nakala ya kugongwa ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna kalibu iliyogusa sarafu ya zamani. Mtu ameketi na sarafu mbele yake, ameitazama, kisha amechukua feleji tupu na kuichonga upya kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho. Kila herufi ni uamuzi wake. Kila unywele, kila jani, kila nukta imepita machoni mwake kwanza ndipo ikafika kwenye chuma. Ndiyo maana nazipenda, na ndiyo maana naona mkusanyaji mwenye subira anapata ndani yake kitu ambacho sarafu halisi peke yake haiwezi kumpa: mikono miwili katika kitu kimoja, iliyotenganishwa na miongo mingi, pengine zaidi ya karne, na nafasi ndogo iliyobaki baina yao.

Ili kuipima nafasi hiyo ni lazima kujua kazi yenyewe. Mchonga mihuri huanza na kipande kifupi cha feleji. Hukipasha moto hadi kiwe chekundu, kisha hukiacha kipoe polepole ili kilainike. Uso wake huusugua kwa tupa, halafu kwa unga wa kung'arishia na mafuta, mpaka usiwe na mkwaruzo hata mmoja, maana mkwaruzo wowote utakaobaki utatokea kwenye kila sarafu. Kisha huhamishia mchoro juu ya uso huo, kinyumenyume: kilicho kulia kwenye sarafu kiwe kushoto kwenye muhuri, na kitakachoinuka kwenye sarafu kichimbwe kwenye muhuri. Kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali huchota feleji unyuzi baada ya unyuzi. Kila baada ya mikato michache hukandamiza nta ndani ya shimo ili aone kinachotokea. Akichimba pungufu, anaweza kuendelea. Akizidisha, feleji hairudi. Itambidi ashushe uso mzima kwa tupa na kurudia.

Herufi kwa kawaida hazichongwi moja moja. Kuna vipande vidogo vya feleji vyenye herufi iliyoinuka kwenye ncha, ambavyo hugongwa kwa nyundo ndani ya muhuri. Nyundo ikienda upande, herufi hulala. Ikidunda, herufi hujirudia kivuli chake. Kisha muhuri uliokamilika hupashwa moto tena na kuzamishwa ghafla majini ili ugumu urudi, na hapo ndipo kazi ya siku nyingi inapoweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe kwa sababu ya ufa ambao hakuna jicho lililouona. Ukisalimika, huwekwa kwenye shinikizo la parafujo pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kisahani cha shaba kilicholainishwa kwa moto hukaa katikati, mkono mrefu wa shinikizo huzungushwa kwa nguvu, na shaba, ingawa ni baridi na haijayeyuka, hutiririka kwa nukta moja hadi kwenye pembe ya mwisho ya kila shimo. Mtiririko huo huacha alama zake: chini ya lenzi utaona michirizi myembamba ikitoka katikati kuelekea ukingoni. Kitu kilichosubiwa hakina michirizi hiyo.

Turudi sasa kwenye A na S. Herufi zilizosukwa ni mtihani mgumu kwa mchongaji kuliko uso wa mtu. Herufi inayopita juu kwenye sarafu ni ile ambayo mfereji wake umechimbwa bila kukatika. Inayopita chini, mfereji wake umesimama pale zinapokutana na kuendelea ng'ambo. Lakini mtu akichungulia ndani ya muhuri, mambo humgeukia. Mfereji usiokatika huonekana umezama zaidi, kana kwamba ndio ulio chini. Macho yanaona bonde, wakati kitakachozaliwa ni kilima. Mtu anayechora mistari 13 iliyonyooka anaweza kuupuuza ugeuzi huo. Anayesuka herufi tatu inambidi aukumbuke kila zinapokatana. Mimi naona hapo ndipo Bolen alipoteleza, mwanzoni kabisa mwa kazi yake ya nakala, kwa sababu makosa ya namna hiyo ni ya mtu anayefikiri kwa makini ndani ya chuma. Mtu wa kusubu hawezi kulifanya kosa hilo hata akitaka.

Kwa nini kazi hii ilishamiri miaka ile? Mwaka 1857 serikali ya Marekani iliacha kutengeneza senti kubwa ya shaba, na watu waliokuwa wameizoea tangu utotoni wakaanza kuitafuta na kuiweka. Kutoka senti wakaingia kwenye sarafu za kale zaidi. Mwaka 1858 vyama vya wakusanyaji vilianzishwa Philadelphia na New York. Mwaka uliofuata Montroville Dickeson alichapisha kitabu kinene kuhusu sarafu za Marekani, na sarafu za kikoloni ambazo zamani ziliuzwa kwa uzito wa shaba zikawa zinagombewa mnadani. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja. Watu walificha sarafu za chenji, na kuanzia 1862 maduka yakajaa tokeni za watu binafsi. Wachonga mihuri walikuwa na kazi, mashine na soko kwa wakati mmoja. Mkusanyaji wa kipato cha kawaida, ambaye hangeweza kuimiliki sarafu halisi ya mwaka 1737, aliweza kununua nakala nzuri ya kujaza pengo kwenye droo yake.

Mwaka huo wa 1737 ni wa Samuel Higley, daktari na mhunzi wa Connecticut aliyekuwa na mgodi wa shaba karibu na Simsbury. Aligonga sarafu zake mwenyewe bila kibali cha mtu. Za kwanza zilidai kuwa na thamani ya peni tatu. Za baadaye ziliacha dai hilo. Upande mmoja zina kulungu na maneno yanayomwambia mpokeaji aithamini apendavyo, na upande wa pili zina nyundo tatu zenye taji na tamko kwamba yenyewe ni shaba nzuri. Shaba ya Higley ilikuwa safi na laini, kwa hiyo sarafu zake zililika haraka. Nyingi katika chache zilizosalia zina kulungu aliyebaki kivuli. Bolen alipoichonga sarafu hii mwaka 1864 ilimbidi atoe kulungu mzima kutokana na mabaki ya kulungu. Kiungo kilichofutika hakiwezi kunakiliwa. Lazima ajue mguu wa mnyama unavyokunjwa, kisha akisie jinsi Higley, ambaye hakuwa mchoraji hodari, angeukunja. Akiuchora vizuri mno, ameharibu. Kujizuia usionyeshe uwezo wako wote ni ustadi wa juu, na kulungu wa Bolen anastahili kutazamwa kwa hilo.

Kinyume chake ni pale alipokabili kazi ya bwana. Medali ya Libertas Americana, iliyochongwa Paris na Augustin Dupré kwa maelekezo ya Benjamin Franklin, ina kichwa cha mwanamke mwenye nywele zinazopeperuka nyuma, na nywele hizo ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kuchongwa katika feleji kwa ajili ya Marekani. Bolen naye aliifanyia nakala. Nywele zake ni nzito zaidi, zina mpangilio zaidi, upepo wake ni mdogo. Hapo mikono miwili hailingani, na mtu mwaminifu hana haja ya kulificha hilo.

Bolen hakuwa wa kwanza, na kabla yake kulikuwa na mfano wa njia mbaya. Mwaka 1652 koloni la Massachusetts lilianzisha kiwanda cha sarafu mjini Boston chini ya sonara John Hull na mwenzake Robert Sanderson. Walianza na visahani vitupu vya fedha vyenye herufi NE upande mmoja na tarakimu za Kirumi upande mwingine, kisha wakaingia kwenye miti: mwerebi, mwaloni na msonobari. Shilingi yao ilikuwa nyepesi kuliko ya Uingereza kwa takriban asilimia 22, kusudi isisafirishwe nje. Sehemu kubwa ya fedha waliyoiyeyusha ilikuwa ya Kihispania, iliyotoka migodi ya Amerika, ya ukoo uleule wa reale za mzinga walizozijua wazee wa pwani yetu. Na karibu sarafu zote hizo, hata zilizogongwa miaka 30 baadaye, zina tarehe ya 1652. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa hatashangaa: reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa aliyefariki 1780, iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20, Vienna, London, hata Bombay.

Sasa, mwaka 1856 zilitokea sarafu za Massachusetts zilizosemekana kuchimbuliwa kwenye ufukwe wa Chelsea, karibu na Boston. Zilikuwa kazi ya Thomas Wyatt wa New York. Kilichomfichua ni tamaa, kwa maana seti yake ilikuwa na hata sarafu ya peni yenye mti wa msonobari, thamani ambayo Hull na Sanderson hawakuwahi kuitoa. Nikiziweka kazi za Wyatt na za Bolen katika mizani ya mkono tu, pengo si kubwa sana. Lakini hadithi ya ufukweni inanikera, kwa sababu inamwomba mtazamaji asitazame. Bolen aliuza kitu na kusema ni nini. Mnunuzi aliachwa huru kukitazama kama kilivyo.

Na yupo wa tatu ambaye namweka kando yao kwa upendo: Charles Wyllys Betts, kijana wa New Haven aliyejichongea mihuri na kubuni sarafu za kikoloni ambazo hazikuwahi kuwapo duniani. Mikato yake ni ya kitoto. Kijana huyo baadaye alikuwa mwanasheria na mtafiti wa heshima. Kitabu chake kuhusu medali zinazoihusu historia ya koloni za Amerika, kilichotoka 1894 baada ya kifo chake, bado hutumika. Naamini aliyejaribu kuchonga husoma medali kwa namna ambayo asiyejaribu hawezi.

Mkusanyaji wa nakala hizi leo anahitaji mizani sahihi, lenzi, taa inayoweza kusogezwa, na muda. Kwanza hupima uzito. Halafu hutazama ukingo, akitafuta mshono. Kisha huilaza sarafu na kuishusha taa hadi mwanga uje kwa ubavu, maana kwa mwanga wa juu kila kitu hujificha. Huhesabu nukta za duara la nje, hulinganisha mahali mguu wa herufi unapoelekea, huigeuza sarafu kuona kama upande wa pili umesimama au umepinduka. Wapo waliozisugua nakala za Bolen na kuzitia uchakavu wa uongo ili wauze kwa bei ya sarafu halisi. Uchakavu wa namna hiyo mara nyingi hufika hata mabondeni, penye kina, ambapo mfuko na vidole haviwezi kufika. Isitoshe, baadhi ya mihuri ya Bolen iliuzwa. Iliangukia mikononi mwa wengine, wakaoanisha uso wa sarafu moja na mgongo wa nyingine na kugonga vitu ambavyo mchongaji mwenyewe hakuvikusudia. Kuzifuata ndoa hizo za mihuri ni kazi ya miaka: unatazama ufa mdogo ukizaliwa, ukikua, na kwa ukubwa wake unajua ipi iligongwa kabla ya ipi.

Kazi ya kuzipanga nakala hizi ilipata msingi mwaka 1952, Richard Kenney alipochapisha orodha ya nakala za kugongwa za sarafu za kale za Marekani. Mwaka 2002 Neil Musante alitoa kitabu kizima kuhusu Bolen peke yake. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1973, sheria ya Marekani iliagiza kuwa nakala zote mpya za sarafu zipigwe alama ya kuzitambulisha kuwa ni nakala. Naiunga mkono sheria hiyo, ingawa alama yenyewe mara nyingi hukata katikati ya mchoro bila huruma.

Lakini orodha ninayoithamini kuliko zote ni ya mchongaji mwenyewe. Mwaka 1905, akikaribia kutimiza miaka 80, Bolen alichapisha Springfield kijitabu chembamba chenye medali zake zote, zimepewa namba na maelezo, akitaja ngapi aligonga kwa metali ipi. Nakala zimo humohumo, katika mfululizo mmoja na kazi alizozibuni mwenyewe. Hakuzitenga mwishoni wala kuziombea radhi. Sarafu ya mistari imo, kulungu wa Higley yumo, na idadi zake ziko pale kwa yeyote anayetaka kuhesabu.